Nani Anamtumia Nani?

Mwaka 1889 wajumbe kutoka Moshi walifika Berlin kumsalimu Kaiser Wilhelm II. Aliyewatuma ni Rindi, Mangi (yaani chifu) wa Moshi ile ya juu kwenye Mlima Kilimanjaro ambayo leo inaitwa Old Moshi. Watu wa misafara ya pwani walimjua kwa jina la Mandara. Rindi alikuwa na jicho moja, lakini hakuna mgeni aliyepita kwake akathubutu kusema kwamba haoni. Harry Johnston, Mwingereza aliyepiga kambi mlimani mwaka 1884, na wasafiri waliomfuata, walimlalamikia kwa kuwakamua zawadi, na papo hapo wakakiri werevu wake.

Werevu huo ulikuwa na kazi moja kubwa. Upande wa magharibi alikuwapo Sina wa Kibosho, mangi mwenye wapiganaji wakali ambaye Rindi hakuweza kumshinda kwa mikono yake mwenyewe. Basi akaanza kukusanya wageni. Mwaka 1885 aliweka mkataba na Karl Jühlke, wakala wa Wajerumani. Mwaka huohuo akawapa nafasi wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Kila aliyepanda mlima akitafuta ardhi, roho za kuokoa au pembe za ndovu alikuta ameshapangiwa nafasi yake katika mipango ya Rindi. Mwezi wa Februari 1891 Mjerumani Hermann von Wissmann alipanda na askari na mizinga, akampiga Sina mpaka Kibosho ikasalimu amri.

Rindi alikuwa amepata alichokitaka. Alifariki mwaka huohuo, na yote aliyoyafanya yanaonyesha mtu aliyeamini kwamba Wajerumani ni chombo chake.

Deni akadaiwa mwanawe. Meli alirithi umangi akiwa kijana. Juni 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani, na ofisa wao, von Bülow, akafa kwa majeraha. Agosti 1893 Gavana von Schele akaja mwenyewe na jeshi kubwa zaidi, akaivunja Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18, miongoni mwao Molelia wa Kibosho, mwana wa Sina. Mahasimu wawili wa zamani walikutanishwa na kamba moja kupitia watoto wao.

Hadithi ya namna hii wanaofundisha tamthilia huiita tanzia. Wengi hudhani tanzia ni mchezo wowote ambao mtu mkubwa anakufa mwishoni, lakini kufa peke yake hakutoshi. Mtu akigongwa na bodaboda pale stendi ya Moshi, huo ni msiba, na majirani wataweka turubai na kuanza kuchanga. Tanzia ya jukwaani inataka zaidi: mtu achangie anguko lake mwenyewe kwa kutojua yeye ni nani, au kwa kutotaka kujua. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeandika juu ya jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona kwamba tanzia bora ni ile ambayo bahati ya mhusika inageuka saa ileile anapotambua jambo lililokuwa mbele yake muda wote.

Wachagga, wenyeji wa Kilimanjaro, wana hadithi ya vilele viwili inayosaidia kuona mpaka kati ya tanzia na kichekesho. Mawenzi alikuwa na tabia ya kumwendea jirani yake Kibo kuomba moto, akisingizia kwamba wake umezimika, na kila akienda anaambulia na chakula. Kibo akachoka, akanyakua mchi, akamtwanga. Ndiyo maana hadi leo Mawenzi imechongoka na kumeguka meguka, na Kibo imetulia na mviringo wake wa theluji. Watoto wakisimuliwa hucheka, na wana haki ya kucheka, kwa sababu Mawenzi anajua anachofanya: anamdanganya mwenzake. Lau angekuwa anaamini kwa dhati kwamba moto wake unazimika wenyewe, na anaendelea kuamini mpaka mchi wa kwanza unamfika kichwani, kicheko kingekauka.

Mfano mkuu wa Aristotle ulikuwa mchezo wa Sophocles ambao msomaji wa Kiswahili anaujua kwa jina la Mfalme Edipode. Ulitoka kwa Kiswahili mwaka 1971, na mfasiri wake ni Samuel Mushi, mwenye jina la ukoo ambalo mlimani halihitaji maelezo. Kabla ya hapo Mushi alikuwa ameshaitafsiri Makbeth, iliyotoka mwaka 1968, na Tufani mwaka uliofuata, zote za Shakespeare. Baadaye alikuja kuwa profesa wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mtu akiisoma Edipode haoni ajabu kwamba msomi wa siasa aliichagua. Mchezo mzima ni tume ya uchunguzi ya serikali.

Mji wa Thebe umepatwa na tauni. Kauli ya mungu inasema chanzo ni damu ya mfalme aliyetangulia: muuaji wake yumo mjini na hajaadhibiwa. Edipode, mfalme wa sasa, anasimama mbele ya wananchi na kutoa tangazo ambalo kiongozi yeyote angejivunia. Anamlaani muuaji hadharani, anaahidi kumsaka bila kujali ni nani, anaita mashahidi mmoja baada ya mwingine. Mwaguzi kipofu anamwambia mapema kabisa kwamba anayemtafuta ni yeye mwenyewe, naye Edipode anamtukana na kumtuhumu kwamba amenunuliwa na wapinzani. Ushahidi unazidi kuja. Mzee aliyemuua njia panda miaka ya nyuma, kwa ugomvi wa kupishana barabarani, ndiye aliyekuwa mfalme. Huyo mzee ndiye baba yake. Na malkia mjane aliyemuoa baada ya kupewa kiti ndiye mama aliyemzaa.

Watazamaji wa Athene hawakuja kujua kitakachotokea, maana hadithi waliijua tangu utotoni. Kazi yao ilikuwa kukaa na kusikiliza mtu akijilaani kwa kinywa chake huku wao wanajua laana inakwenda wapi. Na Sophocles hakumhurumia shujaa wake hata chembe. Edipode alipata ufalme kwa kutegua kitendawili cha zimwi ambacho jibu lake lilikuwa "mwanadamu". Aliyejua jibu hilo ndiye asiyejua yeye ni mwanadamu yupi. Miguu yake ina makovu ya kutobolewa na kufungwa alipotupwa porini angali mchanga, na jina lake lenyewe linatokana na miguu hiyo iliyovimba. Alikuwa akitembea juu ya kielelezo namba moja cha kesi yake.

Je, hakujua, au hakutaka kujua? Wasomaji wamelibishania hili kwa karne nyingi. Mtu ameonywa na mungu kwamba atamuua baba yake na kumuoa mama yake, kisha anamuua mtu wa makamo ya baba na kuoa mwanamke wa makamo ya mama, na halimjii hata swali moja usiku! Wanaomtetea husema aliamini kwamba wazazi wake ni wale waliomlea katika mji mwingine, na alikimbia huko ili asiwadhuru. Ni kweli. Lakini jambo lenye uzito zaidi mchezoni ni kwamba Edipode hakuwa peke yake katika kuukwepa ukweli. Malkia anaelewa kabla yake, na anachofanya ni kumsihi aache kuuliza. Mchungaji wa zamani, shahidi wa mwisho, anajua kila kitu na alikuwa amekwenda kuishi mbali na mji. Uongo wa mfalme ulilindwa na watu wengi, wengine kwa mapenzi, wengine kwa woga.

Hilo ndilo linalofaa kushikwa mtu anapotoka Ugiriki na kuja kwenye tamthilia zetu. Kujidanganya hakufanywi na mtu mmoja chumbani kwake. Kuna wanaomsaidia, na mara nyingi wanafaidika.

Julius Nyerere alilijua vizuri jambo hilo, au angalau alichagua kulitafsiri. Tafsiri yake ya Juliasi Kaizari, mchezo mwingine wa Shakespeare, ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais, na aliirekebisha na kuitoa tena mwaka 1969. Wengi huusoma mchezo ule kama hadithi ya Kaizari, lakini anayejidanganya zaidi mle ndani ni Bruto, mtu mwema. Kasio hahitaji kumshurutisha. Anajitolea kuwa kioo chake, amwonyeshe ukuu ambao mwenyewe hajauona, halafu anatupia barua za kughushi dirishani ili zionekane ni sauti ya umma. Bruto anazisoma na kuamini kwamba Roma nzima inamwita. Anakwenda kuua akiwa na hakika kwamba mikono yake itabaki mikono ya mtoa kafara, isiwe ya mchinjaji. Makbeth naye anaambiwa na wachawi watatu lile ambalo moyo wake ulikwisha kulitamani. Hawamtumi kuua. Wanampa tu picha yake akiwa na taji, na picha inafanya kazi iliyobaki.

Kwa mwandishi wa Kiswahili aliyelichimba suala hili mpaka likatoa maji, lazima mtu afike kwa Ebrahim Hussein.

Tamthilia yake ya Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969. Historia inayoibeba inajulikana kwa kila aliyepita darasa la historia Tanzania. Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe karibu na Mto Rufiji, alisemekana kupagawa na pepo Hongo na kuanza kugawa maji ambayo yangezifanya risasi za Wajerumani zisidhuru. Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vikaanza. Kinjeketile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Viliendelea bila yeye mpaka mwaka 1907. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma mazao na ghala, yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000.

Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa jukwaani na asichukuliwe kuwa nakala ya yule wa Ngarambe. Ni vizuri kumsikiliza, kwa kuwa alichokibuni ndicho kinachouma. Katika tamthilia, mtu huyu anavutwa mtoni na nguvu isiyoonekana, watu wanamkatia tamaa, halafu anaibuka na maneno makubwa: makabila yaungane, maji haya ni kinga, Mjerumani ataondoka. Watu wanashangilia. Lakini pepo linapomtoka, Kinjeketile anasimuliwa alichokisema, na ndani ya maneno yale kuna jambo linalomvunja. Hongo amesema kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said wa Unguja. Yaani wamwage damu kumfukuza bwana mmoja ili wakabidhiwe kwa bwana mwingine? Anajiuliza sauti ile ilitoka kwa nani. Kwa Mungu? Au kwa mtu? Au ni yeye mwenyewe?

Edipode anatambua mwishoni, na utambuzi ndio unaofunga mchezo. Kinjeketile anatambua katikati, na hapo ndipo shida yake inapoanza, kwa sababu hakuna anayeutaka utambuzi wake. Anataka vita vingoje, watu wafunzwe, silaha zipatikane, umoja ukomae. Wapiganaji wamekwisha kulichukua neno lake na limekuwa lao. Makabila yaliyokuwa yakioneana uadui yanakaa pamoja kwa mara ya kwanza, na gundi inayoyashikilia ni maji yaleyale ambayo mtoaji wake anayatilia shaka. Akisema ukweli, umoja unavunjika. Akinyamaza, watu wanakwenda kusimama mbele ya bunduki za rashasha wakiwa wamejipaka maji.

Kisha vita vinapigwa, na bunduki zinajibu.

Gerezani anapewa nafasi ya mwisho. Atamke tu kwamba maji yalikuwa uongo. Hata Kitunda, mwenzake aliyeongoza wapiganaji na aliyeona kwa macho yake walivyoanguka, anaona hakuna sababu ya kukataa. Kinjeketile anakataa. Anajua maji hayakuzuia kitu. Anajua pia kwamba siku akilitamka hilo mbele ya ofisa wa Kijerumani, watoto na wajukuu wataambiwa kwamba hata ile hamu ya kuwa huru ilikuwa uongo. Hapa Hussein anafika mahali ambapo Sophocles hakufika. Shujaa wa Kigiriki anatoboa macho yake baada ya kuujua ukweli. Huyu wa Rufiji anaujua, na anachagua kufa akiwa ndani ya jina ambalo si lake tena, kwa kuwa jina hilo sasa lina kazi kubwa kuliko mwenye nalo. Kumwita mwongo ni rahisi. Kumwita shahidi wa haki nako ni rahisi. Uzuri wa tamthilia ile ni kwamba inamzuia mtazamaji asipumzike juu ya lolote kati ya hayo mawili.

Wakoloni nao walikuwa na maigizo yao. Carl Peters, aliyejiona ndiye muumba wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alikaa kituo cha Marangu kuanzia mwaka 1891. Hapo aliamuru kunyongwa kwa Mabruk, mtumishi wake, na baadaye kwa Jagodia, msichana aliyekuwa amemweka kinyumba. Habari zilipofika Ujerumani zilizua kelele bungeni, na mwaka 1897 Peters alifukuzwa kazi ya serikali. Yeye hakuacha kujieleza kama shujaa aliyeonewa. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimtengenezea filamu nzima yenye jina lake, nyota wa siku zile Hans Albers akiigiza kama Peters, na humo yule mnyongaji wa Marangu akatokea kama mzalendo mwenye maono. Sophocles asingeipokea hadithi hiyo. Haina saa ya utambuzi: aliyejidanganya alikufa mwaka 1918 akiwa bado anajidanganya, na taifa zima likapokea kijiti.

Kwa kipimo hichohicho Meli, kwa maoni ya mwandishi huyu, si shujaa wa tanzia kwa maana ya Aristotle, ingawa mwisho wake unaliza kuliko wa baba yake. Meli alijua yeye ni nani, alijua na Mjerumani ni nani. Kilichompeleka mtini ni makosa ya hesabu za watu wengine. Kwanza zilikuwepo za Rindi, kisha za Kapteni Johannes, mkuu wa boma la Moshi, aliyesadiki kwamba mamangi wanapanga kumwasi. Kathleen Stahl, aliyeandika historia ya Wachagga iliyotoka mwaka 1964, anamtaja Marealle wa Marangu kuwa ndiye aliyelilisha sikio la kapteni. Johannes naye alihitaji kuamini. Mtu anayetawala mlima mzima kwa askari wachache haoni usalama mpaka aone njama.

Kichwa cha Meli kinaaminika kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Anael Meli, alikidai kwa miongo mingi. Kundi la sanaa za jukwaani la Ujerumani, Flinn Works, lilitengeneza onyesho juu ya msako huo, likaonyeshwa Berlin mwaka 2018 na baadaye likaletwa Old Moshi kwenyewe. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimepata ndugu wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro. Mojawapo ni la Akida, mtu wa karibu wa Meli, lililolingana na wa ukoo wake walioko hai. La Meli halikuwamo.

Maswali ya nani ni nani, basi, hayajaishia kwenye karne ya mamangi. Hussein aliyarudia mwaka 1988, safari hii bila pepo wala mizinga, katika tamthilia ngumu zaidi kuliko Kinjeketile: Kwenye Ukingo wa Thim. Msingi wake ni kesi iliyotikisa Kenya. Tarehe 20 Desemba 1986 wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyeishi na kufanya kazi Nairobi, alifariki. Mkewe Wambui, Mkikuyu wa uzao wa Waiyaki wa Hinga na aliyekuwa katika harakati za Mau Mau, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Matasia, Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, mwili ukiwa mochwari. Hukumu ilitolewa Mei 1987, ukoo ukashinda, na tarehe 23 Mei Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya, zaidi ya miezi mitano baada ya kufa.

Kwa juu, ni ugomvi wa sheria na mila. Hussein aliona kitu kingine. Wanandoa wake, Herbert na Martha, ni wasomi walioamini kwamba wameumba maisha mapya: nyumba yao, vitabu vyao, marafiki zao wa kila kabila, taifa jipya. Hawakuwa wanafiki. Waliishi hivyo kweli, na kwa miaka mingi dunia iliwaruhusu. Kisha mume anafariki, na siku hiyohiyo watu wanaingia sebuleni wakizungumza juu ya mwili wake kana kwamba Martha ni mpangaji. Kila mtu aliyekuwa akila mezani pao anatakiwa achague upande. Martha anagundua kwamba utu aliodhani umekwisha kujengwa ulikuwa umesimama juu ya ukimya wa watu wengine: waliokuwa wakingoja.

Je, nani alijidanganya? Mtazamaji wa haraka atamnyooshea kidole Martha. Lakini hata ukoo, kwenye mchezo na kwenye kesi yenyewe, una picha yake ya kujipamba. Unazungumza kwa jina la mila safi isiyobadilika, huku ukiajiri mawakili wenye majoho na mawigi ya Kiingereza, ukinukuu majaji wa kikoloni, na baadhi ya wazee wake wakiishi mjini kama alivyoishi marehemu.

Msomaji wa Kilimanjaro hahitaji kuvuka mpaka ili kuielewa sebule hiyo. Kila Desemba mabasi ya Dar es Salaam hadi Moshi hujaa, na watani wamekwisha kuipatia safari hiyo jina: Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Mtu aliyekaa Dar es Salaam au Mwanza miaka 30, watoto wake hawajui Kichagga hata cha kuombea maji, bado anajenga nyumba kubwa Kibosho au Rombo ambayo italala na kufuli miezi 11, na bado anataka azikwe kwenye kihamba, shamba la ukoo. Zamani, kama Petro Itosi Marealle alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1947 juu ya maisha ya Mchagga hapa duniani na ahera, uhusiano wa walio hai na waliokufa ulikuwa ndiyo nguzo ya maisha yote. Leo Wachagga wengi ni Walutheri na Wakatoliki wa kila Jumapili. Lakini mgomba na kaburi vimebaki pamoja, na ardhi haiongezeki. Kihamba kilichogawanywa kwa wana watano, na wana wao, hufika mahali ambapo hakuna tena pa kupanda wala pa kuzikia.

Vikao vya familia vinavyotokea hapo vina kila kitu ambacho Sophocles angehitaji. Yupo kaka mkubwa anayeamini kwamba anatetea mila, na hajajiuliza kama anatetea eneo lake. Yupo mdogo wa mjini anayesema yeye ni Mtanzania tu, mambo ya ukoo hayamhusu, mpaka siku jina lake linaporukwa kwenye mgawo. Yupo shangazi anayejua mpaka wa kweli uko kwenye masale yapi, ile mimea ya mipaka, naye kama yule mchungaji wa Thebe, amechagua kukaa mbali.

Kuiweka hali hiyo jukwaani kuna faida moja ambayo kikao chenyewe hakina. Kwenye kikao kila mmoja ni mhusika, na mhusika haoni mgongo wake. Kwenye kiti cha mtazamaji mtu anaweza kumwona mwingine akijilaani kwa kinywa chake mwenyewe, na akiwa na bahati, atashtuka kwamba maneno yale ameyatumia wiki iliyopita.

Anayetaka kuanza kusoma, aanze na Kinjeketile. Ni tamthilia fupi, Kiswahili chake hakichoshi, na familia inaweza kugawana wahusika na kuisoma kwa sauti jioni moja. Mfalme Edipode ya Mushi inahitaji kutafutwa katika maktaba za vyuo na kwa wauza vitabu vya zamani, na wachapishaji wangetenda haki wakiirudisha sokoni, hasa kwa shule za mkoa alikotoka ukoo wa mfasiri. Kwenye Ukingo wa Thim iachwe ya mwisho. Mwandishi hakuiandika kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kuamua marehemu azikwe wapi ataikuta nusu yake anaijua tayari, na nusu iliyobaki ndiyo ya kusoma mara mbili.